Kabumbu ya Australia: Kuongoza ligi katikati ya msimu si kuwa timu yenye nguvu kuliko zote

Mwanzoni mwa mwezi wa sita 2016, mashabiki wa North Melbourne walitembea kifua mbele. Timu yao ilikuwa imecheza mechi 11 katika AFL, ligi kuu ya kabumbu ya Australia, na kushinda 10. Ilikuwa kileleni mwa msimamo. Miezi mitatu baadaye hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Katika mechi 11 zilizobaki North Melbourne ilishinda 2 tu, ikashika nafasi ya nane, nafasi ya mwisho ya kuingia hatua ya mchujo, kisha ikachapwa na Adelaide kwa tofauti ya pointi 62 na msimu wake ukaishia hapo.

Je, timu hiyo iliharibika ghafla, ama haikuwa na nguvu zile tangu mwanzo?

Swali hilo ndilo linalowapa kazi watu wanaotengeneza mifumo ya hesabu ya kupima nguvu za timu. Huko Australia wako wengi: wachumi, walimu wa vyuo vikuu, hata mwandishi wa riwaya. Kila juma wanatoa orodha zao, na mara nyingi orodha hizo hazifanani na msimamo rasmi. Nazo zenyewe hazifanani. Katikati ya msimu, mechi zikiwa bado chache, ndipo zinapopishana zaidi.

Mchezo wa goli la pointi sita

Msomaji aliyezoea kabumbu ya Léopards au TP Mazembe atahitaji maelezo machache. Kabumbu ya Australia inachezwa na watu 18 kila upande, katika uwanja wenye umbo la yai. Mpira nao una umbo la yai. Unapigwa kwa mguu au kwa ngumi, na mchezo una robo nne. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita katikati ya nguzo mbili ndefu, ni goli, na goli lina pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi, timu inapata pointi 1 tu. Kwa hiyo timu iliyofunga magoli 16 na kupiga mipira 12 ya pembeni inamaliza na pointi 108.

Katika msimamo, ambao Waaustralia wanauita ngazi, ushindi una alama 4 na sare alama 2. Timu zikilingana kwa alama, haziangaliwi kwa tofauti ya magoli kama katika kabumbu yetu. Zinaangaliwa kwa asilimia: pointi ilizofunga timu zinagawanywa kwa pointi ilizofungwa, kisha jibu linazidishwa kwa 100. Timu iliyofunga 1,100 na kufungwa 1,000 ina asilimia 110.

Hadi hapo mambo ni rahisi. Shida iko kwenye ratiba.

Wapinzani hawalingani

Mwaka 2016 ligi ilikuwa na timu 18, na kila timu ilicheza mechi 22. Maana yake, kila timu ilikutana na wenzake 17 mara moja, kisha ikarudiana na 5 tu kati yao. Hakukuwa na mzunguko kamili wa nyumbani na ugenini. Baada ya mechi 11, timu moja yaweza kuwa imekwisha kupambana na vigogo wote, na nyingine ikawa bado haijawaona.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa North Melbourne. Katika mechi zake 9 za kwanza, ambazo ilishinda zote, iliwapiga Brisbane, Fremantle, Gold Coast, Essendon na Carlton. Msimu ulipoisha, timu hizo tano ndizo zilizojaza nafasi tano za mwisho. Essendon ilikuwa na balaa ya pekee: wachezaji wake 12 walikuwa wamefungiwa mwaka mzima kwa sababu ya kesi ya dawa zilizokatazwa michezoni. North Melbourne ilianguka mara ya kwanza ilipokutana na Sydney. Baadaye ratiba ikailetea Geelong, Hawthorn, West Coast, Sydney kwa mara ya pili na GWS, zote timu zilizoingia mchujo.

Ngazi haikusema uongo. Ilisema timu hiyo imeshinda mechi 10, na kweli ilishinda. Haikusema imeshinda nani.

Pointi tatu zina thamani gani?

Kuna jambo la pili ambalo ngazi inalificha: ushindi umepatikana namna gani. Msimu huohuo Hawthorn, mabingwa wa 2013, 2014 na 2015, walishinda mechi tatu mfululizo kwa tofauti ya pointi 3 kila moja, dhidi ya Western Bulldogs, St Kilda na Adelaide. Pointi 3 ni nusu ya goli. Mpira mmoja ukigonga nguzo, hadithi inageuka. Juma lililofuata GWS iliwapiga kwa tofauti ya pointi 75.

Katika ngazi, ushindi ule mwembamba mara tatu uliwapa alama 12, na kile kipigo kikubwa kiliwanyima 4 tu. Mwisho wa msimu wa kawaida Sydney, Geelong na Hawthorn wote walikuwa na ushindi 17 na kushindwa 5. Lakini asilimia ya Sydney ilizidi 150, ya Geelong ilizidi 140, na ya Hawthorn haikufika 120. Aliyesoma alama aliona timu tatu zilizo sawa. Aliyesoma asilimia aliona timu mbili na mgeni wao. Katika mchujo Hawthorn ilishindwa na Geelong kwa pointi 2, kisha na Western Bulldogs kwa pointi 23, ikatoka.

Hata tofauti ya pointi nayo ina udanganyifu wake. Siku ya posho tarehe 25 Septemba 2010, fainali kati ya Collingwood na St Kilda iliisha sare, 68 kwa 68. Wakati huo sheria ilitaka fainali irudiwe. Juma moja baadaye, tarehe 2 Oktoba, timu zilezile zilirudi katika uwanja uleule wa MCG mjini Melbourne, na Collingwood ikashinda 108 kwa 52. Kati ya mabingwa wale alikuwamo mlinzi Héritier Lumumba, mzaliwa wa Rio de Janeiro mwenye asili ya Kongo, ambaye wakati ule aliitwa Harry O'Brien. Hakuna timu inayoongezeka nguvu kwa pointi 56 ndani ya siku saba. Mchezo huu una bahati nyingi ndani yake, na kazi ya mfumo wa hesabu ni kutenganisha bahati na nguvu.

Mifumo inavyopima

Mfumo unaojulikana zaidi duniani ni Elo. Ulitungwa na Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, kwa ajili ya wachezaji wa sataranji. Hata Wakongomani wanauishi bila kuujua: tangu mwezi wa nane 2018, FIFA inatumia hesabu ya aina hiyo kupanga timu za taifa, Léopards wakiwamo.

Katika Elo kila timu ina namba yake, mara nyingi ikianzia 1,500. Baada ya mechi, aliyeshindwa anamlipa mshindi. Kiasi cha malipo kinafuata matarajio. Tuseme timu ya 1,500 inakutana na ya 1,700. Hesabu inaipa timu dhaifu uwezekano wa asilimia 24. Kama malipo ya juu kabisa ni 32, timu dhaifu ikishinda inachukua kama 24. Mwenye nguvu akishinda anachukua 8 tu, kwa sababu alifanya kilichotarajiwa. Kwa njia hiyo, kuwapiga wanyonge watano mfululizo hakuipandishi timu sana.

FIFA haiangalii idadi ya magoli wala nani alicheza nyumbani. Wanaopima kabumbu ya Australia kwa Elo huongeza vitu hivyo, kama alivyofanya mchumi Matt Cowgill katika mfumo wake uitwao The Arc. Uwanja wa nyumbani una uzito mkubwa huko. Timu ya Perth inayokwenda Melbourne inasafiri kilomita kama 2,700, mbali kuliko safari ya Kinshasa hadi Lubumbashi.

Njia ya pili haimalizi mechi moja moja. Inachukua matokeo yote kwa pamoja na kutafuta namba zinazoyaelezea vizuri zaidi. Wazo lake ni jepesi: chukua wastani wa tofauti za pointi za timu, halafu ongeza wastani wa nguvu za wapinzani wake. Tuseme timu A inashinda kwa wastani wa pointi 20, lakini wapinzani wake wako pointi 15 chini ya kawaida. Nguvu yake ni 5. Timu B inashinda kwa wastani wa 10 tu, lakini wapinzani wake wako pointi 5 juu ya kawaida. Nguvu yake ni 15. Katika ngazi A iko juu. Katika hesabu hii B inaipita mbali.

Njia ya tatu inagawanya timu vipande viwili, mashambulizi na ulinzi. Ndiyo njia ya Squiggle, mfumo wa Max Barry, Mwaustralia anayejulikana pia kwa riwaya zake. Mfumo huo unachora kila timu kama nukta kwenye ramani. Ikifunga kuliko ilivyotarajiwa inasogea upande mmoja. Ikimzuia mpinzani kuliko ilivyotarajiwa inasogea upande mwingine. Anayeangalia ramani katikati ya msimu anaona timu inakoelekea, pamoja na mahali ilipo.

Tony Corke, mwenye MatterOfStats, alikwenda hatua nyingine. Mfumo wake mmoja haukuhesabu pointi bali majaribio: goli na mpira wa pembeni vilipewa uzito uleule. Sababu yake ni kwamba kutengeneza nafasi ya kupiga ni nguvu ya timu, na inarudi juma kwa juma. Lakini kupeleka mpira katikati ya nguzo ama pembeni kidogo kunabadilika sana kutoka mechi moja hadi nyingine. Timu iliyopiga magoli 8 na mipira 16 ya pembeni ina pointi 64. Iliyopiga magoli 12 na mipira 8 ya pembeni ina pointi 80, na imeshinda. Lakini ya kwanza imepata nafasi 24, na ya pili 20. Mfumo wa majaribio utasema mshindwa alicheza vizuri zaidi. Shabiki wa mshindi hatapenda kusikia hivyo.

Mwisho kuna mifumo inayoanza na mchezaji. Badala ya kuuliza timu ilifanya nini, inauliza nani atakuwa uwanjani siku ya posho. Hiyo ndiyo inayoweza kuona majeruhi. Nyingine zote zinaangalia nyuma tu.

Nani anapima wapimaji?

Mifumo ikipishana, njia ya kwanza ya kuilinganisha ni kuhesabu mara ngapi kila mmoja ulitaja mshindi. Iliyo mizuri hupata mechi saba hivi kati ya kumi. Lakini kwa nusu msimu kipimo hicho ni kibovu, kwa sababu mfumo wa kubahatisha unaweza kupata mechi mbili tatu zaidi kwa bahati tu.

Njia ya pili ni kupima kosa. Mfumo ukisema timu itashinda kwa 20 nayo ikashinda kwa 50, umekosea kwa 30. Wastani wa kosa la mifumo mizuri uko karibu na pointi 30 kwa mechi, yaani magoli matano. Mwenye kuisoma kama unabii afikiri mara mbili.

Njia ya tatu ndiyo kali kuliko zote, na chuo kikuu cha Monash mjini Melbourne kimeitumia katika mashindano ya ubashiri tangu miaka ya 1990. Mbashiri haandiki jina la mshindi tu. Anaandika na uwezekano. Ukisema asilimia 50, hupati kitu wala hupotezi kitu. Ukisema 80 na ukapatia, unapata kama 0.7. Ukikosea, unapoteza 1.3. Ukijitapa na kusema 95, ukipatia unapata 0.9 tu, lakini ukikosea unapoteza 3.3. Na ukisema 100 kisha timu ikaanguka, unapoteza bila kikomo. Hutapanda tena hata ukipatia mechi zote zilizobaki.

Kipimo hicho kinamwadhibu mwenye majivuno. Ndiyo sababu wenye mifumo mizuri wanazungumza kwa kujizuia, hasa katikati ya msimu. Wengi wao hawaamini mechi 11 peke yake: wanabeba sehemu ya nguvu za mwaka uliopita, huku wakizisogeza timu zote karibu na wastani. Atakayebeba nyingi mno atachelewa kuiona timu iliyobadilika. Atakayebeba kidogo mno atadanganywa na mwanzo mzuri. Tofauti kubwa kati ya mfumo na mfumo iko hapo, na hakuna aliyepata jibu la mwisho.

Kwa vijana wanaoweka dau, Australia ama hapa Kongo, somo ni lilelile. Timu yenye uwezekano wa asilimia 70 inaanguka mara 3 kati ya 10. Asiyekubali hilo atapoteza pesa ya chakula akidhani ameonewa.

Watu nyuma ya namba

Katika North Melbourne ya 2016 alikuwamo Brent Harvey, mwenye miaka 38. Msimu huo alivunja rekodi ya Michael Tuck, aliyekuwa amecheza mechi 426. Mwezi wa sita, timu ikiwa kileleni, ilionekana kama mzee huyo angemaliza na taji. Mwezi wa nane klabu ilitangaza kwamba yeye na wakongwe wenzake watatu, Drew Petrie, Nick Dal Santo na Michael Firrito, hawatapewa mkataba mpya. Harvey alimaliza na mechi 432, na ya mwisho ilikuwa kile kipigo cha Adelaide. Ngazi ya mwezi wa sita iliwapa watu tumaini kubwa kuliko nguvu iliyokuwapo, na tumaini la namna hiyo linapoanguka linaumiza zaidi.

Lakini mwaka huohuo uliwafundisha adabu wenye hesabu pia. Western Bulldogs walimaliza nafasi ya saba, asilimia yao karibu 115, chini hata ya Hawthorn. Mfumo uliofuata matokeo haukuwa na sababu ya kuwaweka mbele. Wakaenda Perth, wakaipiga West Coast kwa 47. Wakaitoa Hawthorn. Wakaenda Sydney, wakaipita GWS kwa pointi 6. Siku ya posho tarehe 1 Oktoba waliifunga Sydney 89 kwa 67 na kuchukua taji, la kwanza tangu 1954.

Timu yenye uwezekano wa asilimia 40 katika kila mechi inashinda nne mfululizo mara moja hivi kati ya 40. Ni nadra, lakini mara moja kati ya 40 ni jambo linalotokea. Tena kulikuwa na sababu ambayo matokeo hayakuionyesha: mwaka huo ligi ilianza kutoa juma moja la mapumziko kabla ya mchujo, na Bulldogs wakarudishiwa wachezaji waliokuwa majeruhi.

Mmoja hakurudi. Nahodha Bob Murphy aliumia goti katika raundi ya tatu, katika mechi ileile ambayo Hawthorn ilishinda kwa pointi 3, na msimu wake ukaishia siku ile. Baada ya fainali kocha Luke Beveridge alimwita jukwaani, akavua medali aliyokuwa amepewa yeye kama kocha, akamvika. Katika ngazi, siku ile aliyoumia iliandikwa kama alama 4 za Hawthorn. Katika mifumo ya hesabu iliandikwa kama tofauti ya pointi 3, karibu sawa na sare. Goti la Murphy halikuandikwa popote.